Kukomboa Nini? Wafungwa wa Ziwani na Uhakiki wa Toba

Kuna msuko mmoja wa hadithi ambao uhakiki wa fasihi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umeuzoea mno hata hauulizi tena ulitoka wapi. Mtu amehukumiwa. Anapelekwa mbali, aghalabu kisiwani, kwa watu asiowajua. Huko anaugua, anaona njaa, anafundishwa unyenyekevu na wavuvi. Moyo wake unalainika, na siku ya siku anarudi kwao akiwa mtu mwingine. Msuko huo hupewa jina la ukombozi, na mwanafunzi wa shahada ya pili akiletewa kisa chochote cha mfungwa huutoa kama fundi atoavyo futi ya kupimia. Joseph Campbell huitwa kuwa shahidi kwa kitabu chake cha 1949: kuondoka, kufundwa, kurejea. Kwa visa vingi kipimo hicho hakina madhara makubwa zaidi ya kuchosha. Kwa kisa cha ukoo wa Talai wa Kericho na Bomet kina madhara, na madhara yenyewe hayaishii katika fasihi.

Mambo yalivyotokea yanajulikana. Talai ni ukoo wa orkoiik, yaani watu wa uaguzi na baraka ambao Wanandi na Wakipsigis waliwaendea kutaka shauri kabla ya vita, uvamizi au sherehe kubwa. Koitalel arap Samoei, orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na Richard Meinertzhagen mnamo Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa wa amani. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilege, aliyekuwa kwa Wakipsigis, alihamishwa kwa nguvu mwaka 1914 pamoja na wenzake wawili na kupelekwa upande wa Mlima Kenya. Yeye alipelekwa Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, na Kericho hakurudi tena. Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa Oktoba 1923, mkesha wa sherehe ya kukabidhiana madaraka baina ya marika, akawekwa kizuizini Meru na baadaye kisiwani Mfangano. Aliachiwa mwaka 1964, miaka 41 baada ya kukamatwa, wakati Kenya imekwisha kuwa huru. Kisha ikaja Sheria ya Kuwaondoa Malaiboni ya 1934. Kwa sheria hiyo watu wa Talai wa Kipsigis, karibu 700, wanaume kwa wanawake, vikongwe kwa watoto wachanga, waling'olewa na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962.

Gwassi si kisiwa. Ni nchi kavu ya milima inayoteremka mpaka ufuoni, jirani na Mfangano na Rusinga, na nyuma yake liko bonde la Lambwe, lililojulikana kwa mbung'o na malale. Hata hivyo si kosa kubwa kuiita kisiwa kwa maana ya kisitiari, kwa kuwa waliopelekwa huko walizungukwa: mbele maji, nyuma mbung'o, na juu ya yote sheria iliyowakataza kurudi. Kosa ni hatua ya pili. Msomaji akishaipata sitiari ya kisiwa, huiona njia nyeupe mbele yake, na bila kukusudia humaliza safari yote: kama kuna kisiwa basi kuna mtu wa kutakaswa, na kama kuna wa kutakaswa basi alikuwa na uchafu. Kwa hatua mbili tu za uhakiki, hatia ambayo dola la kikoloni halikuithibitisha mbele ya hakimu yeyote inathibitishwa darasani.

Hapo ndipo inapofaa kuuliza habari ya neno lenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu, na wahakiki huyatumia kana kwamba ni pacha. Kutubu ni tendo la mwenye dhambi: yeye ndiye anayerudi nyuma, ndiye anayeacha. Kuokoka ni kutoka katika hatari. Kukomboa ni jambo jingine kabisa. Kinachokombolewa ni kitu kilichoshikwa na mtu asiye mwenyewe: shamba lililowekwa rehani, minazi iliyofungiwa deni, pete iliyoachwa dukani, mateka aliyemo mikononi mwa adui. Anayekomboa hulipa, au hunyang'anya, na kitu kikarudi kwa mwenyewe. Kiini cha neno hili ni swali la nani ameshika mali ya nani. Shamba lililokombolewa halikutubu. Hata umbo la kujikomboa, lililoenea katika fasihi ya miaka ya 1960 na 1970, halikubeba maana ya majuto. Lilimaanisha mtu kujitoa kwa mkono wake mwenyewe katika mkono wa mwingine. Fidia nayo ina historia ya namna hiyo: neno lile lile litumiwalo makanisani kwa kifo cha Kristo ndilo litumiwalo katika ofisi za ardhi pale serikali inapochukua kiunga cha mtu kwa ajili ya barabara. Basi mhakiki anayeandika kwamba Watalai "walipata ukombozi" kando ya ziwa kwa sababu mateso yaliwanyenyekeza amelitumia neno la Kiswahili kwa maana ambayo Kiswahili hakikulipa.

Atakuwepo wa kusema kwamba hii ni hoja ya kamusi, na kwamba Wakipsigis wengi ni Wakristo ambao hawaoni ajabu kusimulia uhamisho wao kwa lugha ya wokovu. Kweli, na Maandiko yasomwe basi. Sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, inayoeleza ukombozi kwa kirefu kuliko pengine popote katika Torati, inahusu ardhi: jinsi shamba lililotoka mikononi mwa ukoo linavyokombolewa na ndugu wa karibu, na jinsi katika mwaka wa yubile kila mtu anavyorudia milki yake. Msomaji wa Biblia aliyeko Bomet ana haki ya kushangaa kwamba idara ya fasihi imelifanya neno hili kuwa la roho peke yake.

Msuko wa toba ya kisiwani una asili yake, na si ya huku. Robinson Crusoe wa Daniel Defoe (1719) anaugua homa kisiwani, anaogopa, anafungua Biblia, anajuta kwamba hakumtii baba yake. Kisha anaanza kujiita bwana wa kisiwa. Ben Gunn, yule baharia aliyetupwa na wenzake katika hadithi ya Stevenson ambayo wanafunzi wa Kiswahili waliisoma kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina, anaishi peke yake miaka mitatu na kutoka akiwa mchaji. Vitabu vya aina hiyo vilitafsiriwa kwa ajili ya shule za kikoloni mapema sana, wakati ambapo watu wa Talai walikuwa bado wanafukuzwa. Inafaa kukumbukwa kwamba toba ya Crusoe na umiliki wake hukua pamoja. Anapozidi kuwa mcha Mungu ndivyo kisiwa kinavyozidi kuwa chake. Wahakiki wanaoisifu nusu ya kwanza ya mwendo huo wangefaa waitazame na ya pili.

Katika Kenya yenyewe, msuko huu uliwahi kuwa idara ya serikali. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, waliotuhumiwa kuwa Mau Mau walipitishwa katika mfululizo wa kambi. Waligawanywa kwa rangi, weupe, wa kijivu na weusi, kwa kadiri walivyokiri au kukataa kukiri kwamba walikula kiapo. Aliyekiri alisogezwa karibu na kwao. Aliyekataa alisogezwa mbali, na miongoni mwa mahali pa mbali palikuwa visiwa: Mageta na Saiyusi katika Ziwa Viktoria, Manda huko Lamu. Utaratibu huo uliitwa urekebishaji. Ulikuwa na wahusika wake, vituo vyake, kilele chake cha kuungama na mwisho wake wa kurejea nyumbani. Mfano wa jinsi ulivyoishia ni Hola, tarehe 3 Machi 1959, ambapo wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa. Mtu aliyesoma habari hizi halafu akaandika katika tasnifu kwamba kisiwa ni "mahali pa kuzaliwa upya kwa mhusika" anapaswa aulizwe anaandika kwa niaba ya nani.

Watalai, tofauti na wafungwa wa Mau Mau, hawakutakiwa hata kukiri. Na hapa ndipo kipimo cha toba kinapovunjika kabisa. Sheria ya 1934 haikuweka ngazi ya kupanda wala neno la kutamka ili mtu arudishwe. Haikumwuliza mtu alifanya nini. Ilimwuliza alizaliwa na nani. Mtoto aliyezaliwa Gwassi mwaka 1940 alikuwa tayari ameondolewa kabla hajapata mahali pa kuondolewa. Utawala haukutaka nafsi zao zibadilike, ulitaka wasiwepo. Hata jina lililotumiwa katika sheria hiyo halikuwa lao: laiboni ni neno lililotoka kwa Wamasai, na waliohukumiwa kwa jina hilo walikuwa orkoiik. Ni mara chache fasihi ya mahakama hutoa kichekesho kikali kama hiki, mshtakiwa kuhamishwa kwa jina la jirani yake, na ajabu ni kwamba wahakiki wenye mapenzi na kejeli hawajakiona.

Sasa hoja iliyo ngumu zaidi isikwepwe. Orkoiik walikuwa wakiogopwa, na si Waingereza peke yao waliowaogopa. Serikali iliwashutumu kwa kuchochea wizi wa mifugo, na miongoni mwa Wakipsigis wenyewe walikuwapo waliochoshwa na nguvu zao na hawakulia walipoondoka. Kuficha jambo hilo kwa ajili ya kuwafanya Watalai malaika ni kuandika propaganda, nayo ni mbaya hata ikiwa ni ya upande unaopendwa. Lakini hofu ya jirani si hukumu, na ukoo si mtu. Tena Wakalenjin wana masimulizi yao kuhusu mwaguzi aliyehukumiwa, yanayotangulia ukoloni, na mwendo wake unastahili kusomwa polepole. Kimnyole, baba wa Koitalel na Kipchomber, aliuawa na Wanandi kwa kupigwa marungu mwaka 1890, baada ya kulaumiwa kwa maafa yaliyowapata: uvamizi ulioshindwa, vijana wengi waliopotea, ugonjwa wa mifugo. Husimuliwa kwamba kabla ya kufa alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma atemaye moshi. Hakutubu. Waliomwua ndio walioona baadaye kwamba wamekosa, maana maafa hayakukoma, na wakaenda kumtaka mwanawe ashike nafasi. Katika simulizi hiyo hatia inamtoka aliyehukumiwa na kuwaendea waliohukumu. Mhakiki anayetafuta kipimo cha kisa cha Talai anacho hapo, kimetengenezwa na watu wenyewe, na hahitaji kukiagiza kwa meli.

Wala si kwamba fasihi ya Kiswahili haina chake. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Anasimama mbele ya baraza siku baada ya siku akisimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mambo ya manufaa, na kila mmoja akatupwa gerezani kwa shukrani. Kurejea, ambako Campbell anakuweka mwisho kama taji, hapa ndiko kunakomfunga mtu. Karama haombi msamaha hata mara moja. Anatoa hoja, na mwishowe ni baraza linalobadilika na wafungwa wanaotolewa. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) anatakiwa akane maji ili vita vionekane kuwa upuuzi. Anakataa, kwa kujua kwamba akikana, watoto watakaokuja watarithi kukana huko. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa kuandika karatasi ya kuihoji serikali, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973), na moja linaitwa "Siwati". Jina hilo latosha. Mapokeo haya yote yanamweka mfungwa katika nafasi ya mdai. Neno linalofaa kwa utanzu wake ni shauri, kwa maana zake zote mbili za kesi na ushauri, na msikilizaji wake ni hakimu, si padri.

Tofauti hiyo inabadilisha namna ya kusoma. Masimulizi ya watu waliopokonywa ardhi yana sifa ambayo wahakiki wa toba huilaumu: hujaa orodha. Mito, vilima, makaburi, majina ya waliokuwa majirani, mpaka ulipopita. Anayetafuta maendeleo ya mhusika huona ukavu na kuandika kwamba msimulizi "hakuingia ndani ya nafsi". Anayesikiliza shauri hujua kwamba kila jina la mto ni ushahidi, na kwamba msimulizi anayejisahau ili ataje mpaka anafanya kazi kubwa kuliko yule anayechambua majonzi yake. Wazee wa Kipsigis walikwisha kufanya hivyo mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter na kutoa taarifa yake mwaka uleule wa 1934. Ushahidi uliokusanywa na tume hiyo ulichapishwa, nao umelala maktabani. Ni wanahistoria wanaoufungua. Idara za fasihi, zinazojisifu kwa fasihi simulizi, hazijautambua kuwa ni maandishi yanayowahusu.

Kuna kundi jingine ambalo msuko wa toba unalidhulumu, nalo hutajwa kwa nadra. Kisiwa katika hadithi hizi huwa na wenyeji ambao kazi yao ni kumponya mgeni na kisha kubaki nyuma. Gwassi na Mfangano zilikuwa, na bado ni, nchi ya Wasuba, watu wenye historia yao ya kuhama, yenye majeraha yake, na lugha yao ambayo Kijaluo kimeisonga sana. Hawakuulizwa kama walitaka eneo lao liwe gereza la ukoo wa watu wengine. Kuwageuza kuwa wauguzi wa roho ni kuwatumia mara ya pili.

Na Kericho je? Ardhi iliyokuwa nyuma ya migongo ya waliofukuzwa haikukaa wazi ikisubiri waliotakaswa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiasi cha ekari 25,000 zilitengwa kwa ajili ya koloni la maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani na kujijenga upya. Kama kuna watu waliowahi kuandaliwa mpango wa ukombozi katika vilima vya Kericho, kwa maana ile ya kulainisha majeraha na kuanza maisha mapya, basi ni hao. Bei ya kitani ilianguka, mpango ukavunjika, na ardhi ikapita kwa makampuni ya chai: Brooke Bond na James Finlay walianza kupanda katikati ya miaka ya 1920. Hao maofisa hawajapata kuandikiwa makala kuhusu toba yao. Michai yao, au tuseme ya waliowarithi, ndiyo anayoiona msafiri pande zote mbili za barabara, imekatwa kwa usawa kama zulia, na wachumaji wake, na sasa mashine zake, vikipita juu yake.

Watalai waliorudi 1962 walikuta hivyo. Wengi waliishia pembezoni mwa mji wa Kericho, katika kijiji kinachojulikana kwa jina la ukoo wao, wakiishi kama maskwota katika nchi waliyofukuzwa kwa kuwa na nguvu nyingi mno ndani yake. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba madai ya Wakipsigis na Watalai ni ya dhuluma ya kihistoria. Mwaka 2022 walipeleka shauri dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Oktoba 2023 Mfalme Charles alikuja Nairobi, akaeleza majuto yake kwa maovu yaliyotendwa katika enzi ya ukoloni, na hakuomba radhi rasmi wala hakutaja malipo. Hapo mwanafunzi wa fasihi alikuwa na nafasi adimu: mhusika anayejuta, kwa maneno yaliyopangwa vizuri, mbele ya hadhira, bila kisiwa na bila kurudisha kitu. Msuko wa toba ungeweza kupimwa kwa mtu anayestahili kupimwa nao. Badala yake kipimo kinaendelea kupelekwa Gwassi, kwa wajukuu wa watu ambao katika majalada yote ya uhamisho wao hakuna hukumu ya mahakama ya kukatiwa rufaa.